Kutuma viambatisho vya barua-pepe kwa skripti: Namna ya kuhakikisha kila hati imemfikia mwenyewe

MWISHONI mwa kila mwezi, mhasibu wa kampuni yenye wafanyakazi 300 huwa na hati 300 za mshahara zinazosubiri kuwafikia wenyewe. Mwaka unapokwisha, huongezeka fomu za P9, ambazo kila mfanyakazi huzihitaji ili awasilishe ripoti yake ya ushuru kwa KRA kabla ya Juni 30 kupita.

Kuzituma moja baada ya nyingine kwa mkono, yaani kufungua barua, kuandika anwani, kutafuta faili na kuiambatisha, ni kazi inayoweza kummalizia mtu siku mbili nzima. Programu fupi ya kompyuta, ambayo wataalamu huiita skripti, huikamilisha kazi iyo hiyo kwa dakika chache.

Wepesi huo ndio faida ya skripti, na ndio hatari yake vilevile. Mhasibu akikosea kwa mkono, hati moja humwendea asiyestahili kuiona. Skripti ikikosea, yamkini itarudia kosa hilo mara 300 kabla ya yeyote kutambua, na barua-pepe iliyokwisha kutoka nje ya kampuni hairudi.

Hati ya mshahara nayo si karatasi ya hivi hivi. Ina jina kamili, nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, akaunti ya benki, na makato ya mikopo ambayo pengine hata mke au mume wa mfanyakazi hayajui.

MZIGO WA FAILI KATIKA GARI LA HERUFI

Barua-pepe haikubuniwa ili kubeba faili. Ray Tomlinson, mhandisi Mmarekani aliyetuma ujumbe wa kwanza wa aina hiyo kati ya kompyuta mbili kupitia mtandao wa ARPANET mwaka 1971, na ambaye ndiye aliyeichagua alama ya @, alishughulika na maandishi matupu.

Itifaki ya SMTP, yaani kanuni ambazo seva hufuata zinapopokezana barua, iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982 kwa msingi uo huo. Ilitambua herufi za Kiingereza, tarakimu na alama chache, jumla yake 128, na mstari mmoja haukuruhusiwa kuzidi herufi 1,000. Picha, sauti au hati ya PDF haiwezi kupita katika njia hiyo ikiwa jinsi ilivyo, kwa kuwa baiti zake huchukua thamani 256.

Njia za kuukwepa mpaka huo zilianza mapema. Mwaka 1980 Mary Ann Horton, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alibuni mbinu ya uuencode iliyogeuza faili ya aina yoyote kuwa herufi za kawaida. Ilifaa, ila mpokeaji alilazimika kujua mwenyewe kwamba msururu ule wa herufi zisizosomeka ulikuwa faili, na kuugeuza tena.

Suluhisho lililodumu hadi leo lilikuja mwaka 1992. Mnamo Machi 11 mwaka huo, Nathaniel Borenstein, mtafiti katika maabara ya Bellcore nchini Marekani, aliwatumia wenzake barua iliyokuwa na picha ya kundi lake la waimbaji wanne pamoja na sauti yao wakiimba. Mwezi Juni, yeye na Ned Freed walichapisha kanuni za MIME, ambazo kila barua yenye kiambatisho huzifuata.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, barua moja huweza kugawanywa katika sehemu kadhaa. Kati ya sehemu na sehemu huwekwa alama ya mpaka, ambayo ni msururu wa herufi uliochaguliwa ili usipatikane mahali pengine popote katika barua. Kila sehemu huanza kwa mistari inayoitambulisha: Content-Type hutaja aina yake, mathalan application/pdf, na Content-Disposition huieleza programu ya mpokeaji kwamba sehemu hiyo ni kiambatisho chenye jina fulani.

Faili yenyewe huandikwa kwa mbinu iitwayo Base64. Baiti tatu, ambazo kwa pamoja zina biti 24, hukatwa vipande vinne vya biti sita, na kila kipande hupewa herufi moja kati ya 64 zilizoteuliwa. Neno "Jua", kwa mfano, hugeuka likawa "SnVh".

Kutokana na hesabu hiyo, kila baiti tatu huwa herufi nne, na faili hunenepa kwa thuluthi moja njiani. Hati ya megabaiti 20 hufika kwenye seva ikiwa na zaidi ya megabaiti 26. Ikiwa seva hiyo haipokei barua inayozidi megabaiti 25, itairudisha, na mtumaji atabaki akishangaa kwa nini ilhali faili aliyonayo ni ndogo.

Kuna dhana nyingine inayostahili kuondolewa. Kwa vile Base64 haisomeki kwa macho, wapo wanaodhani ni aina ya usiri. La hasha. Yeyote aliyeipata barua anaweza kuirudisha faili katika hali yake ya awali kwa amri moja tu.

SKRIPTI INAVYOTENDA KAZI

Zamani mwandishi wa skripti alilazimika kuandika mipaka, mistari ya utambulisho na Base64 yeye mwenyewe. Siku hizi lugha za kompyuta zina maktaba za kazi hiyo, na hakuna sababu ya kuifanya kwa mkono.

Katika lugha ya Python, kwa mfano, maktaba mbili zinazokuja na lugha yenyewe zinatosha. Ya kwanza, email, huunda barua: skripti hutengeneza EmailMessage, hujaza mtumaji, mpokeaji na mada, huandika maneno machache ya maelezo, kisha huita add_attachment ili kuingiza faili. Ya pili, smtplib, hubisha hodi kwenye seva na kuikabidhi barua.

Faili husomwa kama baiti, wala si kama maandishi. Asiyezingatia hilo, hasa kwenye Windows, huenda akatuma PDF zilizoharibika ambazo hazifunguki, na kasoro hiyo haionekani upande wa mtumaji.

Wanaotumia PHP wana hali tofauti kidogo. Amri ya mail iliyomo katika lugha hiyo haijui viambatisho, hivyo wengi huchukua maktaba ya PHPMailer, ambayo ilianza mwaka 2001. Maktaba za aina hii sharti zisasishwe kila mara. Mnamo Desemba 2016 iligunduliwa kwamba PHPMailer ilikuwa na ufa uliomwezesha mhalifu kuendesha amri zake kwenye seva kwa kuandika anwani ya mtumaji kwa hila. Tovuti zilizobaki na toleo la zamani ziliendelea kuwa wazi hata baada ya marekebisho kutolewa.

Mtu wa Linux anaweza kumaliza yote kwa mstari mmoja wa programu ya mutt na kuiachia cron kazi ya kuiendesha kila tarehe 28 saa nne usiku. Ni njia nzuri kwa ripoti moja inayomwendea meneja mmoja. Kwa hati za watu 300, kuiacha mashine itume bila mtu yeyote kuitazama ni kujitakia balaa.

Majina ya faili nayo huleta kero ndogo. Kiswahili kina bahati kwamba herufi zake zote zimo katika zile 128 za mwanzo, kwa hivyo "hati_ya_mshahara.pdf" haina shida popote. Jina kama Wanjikũ likiandikwa kwa tahajia yake kamili ya Kikikuyu, lile ũ halimo. Maktaba za kisasa hulisimba ipasavyo, lakini skripti za kale zilizoandikwa kwa mkono hulivuruga. Aghalabu huwa salama zaidi kuzipa faili majina ya nambari za wafanyakazi.

HATI INAVYOPOTEA NJIA

Kutuma si sehemu ngumu. Ugumu uko katika kuoanisha, yaani kujua kwa hakika kwamba faili hii ni ya anwani hii. Makosa yanayofahamika sana hutokea katika hatua hiyo, na karibu yote yana chanzo kimoja kati ya viwili.

Chanzo cha kwanza ni kuoanisha kwa mpangilio. Skripti husoma orodha ya wafanyakazi kutoka lahajedwali, husoma orodha ya faili kutoka folda, kisha humpa mtu wa kwanza faili ya kwanza, wa pili faili ya pili, na kuendelea. Majaribio ya watu tisa yatafanikiwa bila doa.

Orodha ikifika kumi, mambo hugeuka. Kompyuta ikipanga majina ya faili kama maandishi, 10.pdf hutangulia 2.pdf, kama vile neno "baba" linavyotangulia "bi" katika kamusi. Mfanyakazi wa pili atapata hati ya wa kumi, wa tatu atapata ya mwingine, na kwa watu 300 ni wachache mno watakaopata zilizo zao.

Matokeo huwa yale yale mtu mmoja anapoajiriwa katikati ya mwezi. Jina lake likiingizwa kwenye orodha kabla ya hati yake kutayarishwa, kila aliye chini yake husogezwa hatua moja.

Dawa yake ni kutotegemea mpangilio kamwe. Nambari ya mfanyakazi iwe katika jina la faili na iwe katika orodha ya anwani, na skripti iitafute faili kwa nambari hiyo. Ikikosekana, skripti isimame na kusema nambari gani haina hati, badala ya kuchukua faili iliyo jirani.

Tahadhari ya ziada, ambayo inastahili gharama yake, ni kuifungua PDF kabla ya kuituma, kusoma maandishi yaliyomo na kuhakikisha nambari iliyo ndani inalingana na ile iliyo katika jina la nje. Hatua hiyo hugundua hata kosa lililofanywa na mfumo wa mishahara wenyewe.

Chanzo cha pili kimejificha zaidi. Kwa kutaka kuokoa muda, mwandishi wa skripti huunda barua moja nje ya mzunguko, kisha ndani ya mzunguko huongeza anwani na kiambatisho kwa kila mfanyakazi. Neno la kuzingatia ni "huongeza". Katika PHPMailer, addAddress na addAttachment hazifuti kilichotangulia.

Kwa hivyo mfanyakazi wa kwanza hupata hati yake. Wa pili hutumiwa yake pamoja na ya wa kwanza, na wa kwanza naye hupata nakala ya barua hiyo. Kufikia mtu wa 50, barua inabeba hati 50 na kuwaendea watu 50. Maktaba yenyewe inazo amri za clearAddresses na clearAttachments kwa ajili hiyo, na zinapaswa kuitwa kila mwisho wa mzunguko. Njia iliyo salama zaidi, kwa lugha yoyote ile, ni kuunda barua mpya kabisa kwa kila mtu.

Kabla ya siku yenyewe, busara ni kuiendesha skripti mara mbili. Mara ya kwanza isitume chochote, bali iandike tu: faili hii, anwani hii. Mara ya pili itume barua zote 300 kwa sanduku moja la mhasibu mwenyewe, naye afungue kadhaa kutoka mwanzo, katikati na mwisho. Wanaojaribu tatu za mwanzo pekee hawatakutana na 10.pdf.

Kuna pia suala la umeme kukatika. Skripti ikizimika baada ya barua 140, lazima pawe na kumbukumbu inayoonyesha ni nani amekwisha kutumiwa, tena iwe imeandikwa papo hapo baada ya kila barua. Bila kumbukumbu hiyo, kuianza upya ni kuwatumia watu 140 mara mbili, na kuikisia nambari ya kuendelea ni kurudi kwenye kosa la mpangilio.

KWA NINI SEVA HUSHUKU

Mwenye skripti halali mara nyingi hushangaa barua zake zikikataliwa au kutupwa katika sanduku la taka. Historia ndiyo chanzo.

Mnamo Machi 26, 1999, kirusi cha Melissa kilisambaa kupitia hati ya Word, kikijituma kwa anwani 50 za mwanzo katika kitabu cha mwathiriwa. Mwaka uliofuata, Mei 4, 2000, ilizuka ILOVEYOU kutoka Ufilipino. Hiyo ilikuwa skripti halisi ya kutuma viambatisho, iliyoandikwa kwa lugha ya VBScript. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs.

Kwa kuwa Windows ilikuwa na mazoea ya kuficha herufi za mwisho za jina la faili, wengi waliona TXT tu na kudhani ni maandishi. Waliokibofya waliharibiwa picha na faili nyinginezo, na skripti ikajituma kwa kila mtu aliyekuwa katika kitabu chao cha anwani cha Outlook. Bunge la Uingereza lilikuwa miongoni mwa taasisi zilizofunga mifumo yao ya barua-pepe siku hiyo. Mashtaka dhidi ya kijana aliyeshukiwa mjini Manila yalitupiliwa mbali, kwani Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo. Ilipitishwa mwezi Juni mwaka uo huo.

Tangu hapo, watoa huduma wengi hukataa kabisa faili zinazoishia kwa .vbs, .js au .exe, hata zikiwa ndani ya faili ya zip. PDF hupita, lakini barua 300 zinazofanana, zikitoka kwa dakika moja, hufanana mno na kazi ya kirusi. Skripti yenye adabu hupumzika sekunde moja au mbili baina ya barua.

Akaunti ya kawaida ya Gmail hairuhusu wapokeaji zaidi ya 500 kwa siku, na zile za kulipia za Google Workspace huishia barua 2,000. Kampuni yenye jina lake la intaneti inahitaji pia kusajili SPF, DKIM na DMARC, ambazo ni ithibati kwamba seva inayotuma imeruhusiwa na mwenye jina. Google na Yahoo zilianza kuzidai kwa watumaji wakubwa mnamo Februari 2024.

Jibu la 250 kutoka kwa seva humaanisha kwamba barua imepokelewa na seva, wala si kwamba mwenyewe ameisoma. Majibu yanayoanza kwa 4 ni ya muda, na skripti inafaa kujaribu tena baadaye. Yanayoanza kwa 5 ni ya kudumu, na kujaribu tena hakuna maana. Barua zinazorudi baadaye huja kwa sanduku la mtumaji, kwa hivyo anwani ya mtumaji iwe ile inayosomwa na mtu.

NYWILA NA SHERIA

Skripti inahitaji nywila ya kuingilia kwenye seva, na kosa la kawaida ni kuiandika ndani ya skripti yenyewe. Skripti hunakiliwa, hutumwa kwa rafiki asaidie, huwekwa katika hifadhi za wazi za mtandaoni. Nywila ikae katika faili ya kando isiyosomwa na wengine, au katika mazingira ya mfumo.

Google iliacha kukubali nywila ya kawaida kutoka kwa programu za aina hii mnamo Mei 30, 2022. Mwenye Gmail hulazimika kuwasha uthibitisho wa hatua mbili na kupewa nywila maalumu ya herufi 16 kwa ajili ya skripti hiyo pekee, ambayo anaweza kuifuta bila kuathiri akaunti. Mawasiliano yenyewe na seva yapitie poti 587 kwa STARTTLS au 465, ili nywila na hati zisisafiri wazi.

Kampuni nyingi huzifunga PDF kwa nambari ya kitambulisho cha mfanyakazi. Ni afadhali kuliko kutofunga, lakini kufuli hilo ni dhaifu. Nambari ya tarakimu nane ina uwezekano milioni 100 tu, idadi ambayo kompyuta inaweza kuijaribu yote bila taabu kubwa, na katika afisi nyingi nambari za vitambulisho zimeandikwa kwenye daftari la mlangoni. Nywila ambayo kila mfanyakazi amejichagulia, au anayotumiwa kwa simu, hufaa zaidi.

Sheria ya Kulinda Data, iliyotiwa saini na Rais Uhuru Kenyatta mnamo Novemba 8, 2019, inaihusu moja kwa moja kampuni inayopeleka hati ya mtu kwa mwingine. Iwapo tukio hilo linaweza kumletea mhusika madhara, mwajiri anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kulifahamu, na kumjulisha mhusika mwenyewe kwa maandishi. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Katika kutimiza wajibu huo, ile kumbukumbu ya skripti hupata thamani nyingine. Kampuni yenye orodha ya faili, anwani na saa inaweza kusema katika muda wa saa moja ni hati za nani zilizokwenda kombo na kwa nani. Isiyo nayo italazimika kuwauliza wafanyakazi 300 wafungue barua zao na kueleza wameona mshahara wa nani.

Kumbukumbu hiyo ihifadhiwe mahali palipofungwa, bila kuwekwa hati zenyewe ndani yake. Folda yenye zile PDF 300, ambayo kwa kawaida husahauliwa kwenye kompyuta ya mhasibu au kwenye seva baada ya barua ya mwisho kutoka, ifutwe na skripti yenyewe mara tu hesabu ya zilizotumwa inapolingana na ya waliomo kwenye orodha, madhali nakala zimo katika mfumo wa mishahara.